Mlio wa Difu ya Nyuma

Manzese, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Kabla ya lolote nataka kujua habari za goti lako la kulia, maana kila nikiuliza kwenye simu unasema "zima kabisa" kwa sauti ya mtu aliyeegemea ukuta. Na dawa za presha, unazimeza kama ulivyoambiwa au bado unazikata nusu nusu ili zisiishe upesi? Sie huku wazima. Mkwe wako anakusalimu, na wajukuu zako wanakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la huku kwetu, lakini wanakula na wanapigana, kwa hiyo hawaumwi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ninayotaka kukwambia ni marefu, na kwenye simu ukianza kulia mie nitakata. Najijua. Rukia, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona hapafai kusomwa kwa sauti.

Mama, miezi miwili iliyopita alielekezwa kwangu mteja, mama wa Kiarabu wa Segerea, jina lake Bi Salha. Alikuja akiendesha mwenyewe lile gari kubwa la Kijapani la safu tatu za viti, la zamani, rangi ya fedha iliyokwisha kupauka kwenye boneti. Alilisimamisha mbele ya gereji, akashuka, akatutazama mie na Kombo, yule Mpemba fundi injini ninayefanya naye kazi.

"Fundi Idrisa nani hapa?"

"Mie, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa wewe unalisikiliza gari kabla hujalifungua."

Nikacheka, nikamwambia watu wanazidisha. Akaniambia ugonjwa wa gari lake vizuri kuliko mafundi wengi wanavyoweza kuueleza. Ukiweka gia ya kwenda, linakaa kwanza kama linafikiri, halafu linaruka kama limetekenywa. Likipanda mlima injini inapiga kelele lakini gari haliendi. Na likisimama kwenye foleni linatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza.

Nilichomoa kijiti cha oili ya gia boksi nikanusa. Oili ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Hapo nikajua sahani za ndani za gia boksi zimekwisha. Maunting zinazoshika injini zilikuwa zimechanika mbili. Hayo ni maradhi ya kawaida ya gari lenye umri kama ule, Mama, wala si ya kuogopesha. Nikaomba funguo nikalizungushe barabarani nimalize kupima.

Yeye akaingia, akakaa kiti cha kushoto. Tukashika Morogoro Road kuelekea Ubungo. Tulipofika mwendo wa hamsini hivi, nikasikia mlio unatoka nyuma, chini ya viti. Nikajua papo hapo ni difu. Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, linapokea nguvu ya injini na kuigawa kwenye matairi. Beringi yake ikilika, inalia. Nikageuka nimwambie, nikamkuta amefumba macho, kichwa amekiegemeza, midomo inacheza kidogo kama mtu anayefuatisha kitu.

"Mama, difu ya nyuma nayo inadai," nikasema.

"Difu usiiguse," akanijibu bila kufumbua macho.

Tuliporudi nikampigia hesabu. Gia boksi kuifungua, sahani mpya, sili na oili, milioni moja na laki nane. Maunting laki mbili na nusu. Difu laki tisa, kama tutapata nzuri iliyotoka kwenye gari lililogongwa. Akafungua mkoba, akatoa za gia boksi na maunting.

"Na difu?" nikamuuliza.

"Nimeshasema."

"Mama yangu, gia boksi ikifa utasimama tu barabarani. Difu ikifa inafunga matairi ya nyuma uko mwendoni. Hiyo ndiyo itakayokuua."

Akakaa kwenye kiti chetu kile cha plastiki, akanieleza. Gari lilikuwa la mume wake, Mzee Nasri, aliyekuwa na duka la udi na viungo Kinondoni. Alifia ndani ya gari hilo, kwenye foleni, saa nne ya asubuhi, mguu uko kwenye breki, injini inaunguruma. Bi Salha alikuwa amekaa pale pale alipokaa na mie. "Alikuwa na tabia ya kuimba kasida puani akiendesha," akaniambia. "Akanyamaza. Nikadhani anangoja foleni isogee. Magari ya mbele yakasogea, sie hatusogei, watu wanatupigia honi. Nikamwambia, Nasri, twende. Ndipo mguu ukateleza kwenye breki na gari likaanza kwenda lenyewe polepole, naye ananitazama. Mie ndiye niliyevuta hendibreki."

Baada ya eda akajifunza kuendesha, na umri wake ule. Siku ya kwanza kulitoa gari peke yake, alipofika mwendo wa hamsini, akaisikia kasida. Puani, kama alivyokuwa akiimba. Ukipunguza mwendo, inanyamaza.

"Kwa hiyo, fundi," akasema, "nitengenezee gari litembee. Lakini huyo mwache."

Kombo alikuwa kafungua boneti anajifanya anatazama rejeta. Alipoondoka Bi Salha kwa bajaji, Kombo akasema, "Mjane huyo, mwonee huruma. Beringi tu hiyo." Nami nikasema ndiyo, beringi tu.

Mama, niliishusha gia boksi nikaifanya kwa siku tano. Nikairudisha. Siku ya sita nikalitoa gari peke yangu kulijaribu, mchana, jua kali, barabara imejaa watu. Gia ziliingia laini kama mkono ndani ya glavu. Nikakanyaga mafuta. Hamsini. Na nyuma yangu nikasikia mtu anapiga randa.

Rukia, soma kama nilivyoandika. Haikuwa kasida. Ilikuwa randa ya Baba, ile ya mpini wa mninga, ikipita juu ya ubao mrefu. Ukikanyaga mafuta, shiii. Ukiachia, ananyamaza kidogo, halafu fuu, kama alivyokuwa akipuliza vumbi la mbao kabla hajarudia. Unakumbuka, Mama, alivyokuwa akipuliza kwa pembe moja ya mdomo kwa sababu ya jino lile. Fuu hiyo hiyo. Mie nilikuwa nikikaa ncha ya pili ya ubao kuushikilia usicheze, na yeye bila kuninyanyulia macho ananiambia, "Shika." Hana neno lingine mpaka mlango uishe. Shika. Shiii. Fuu.

Nilienda mpaka Kibamba, mbali kuliko jaribio lolote la gari linavyohitaji. Nikarudi nimelowa jasho na kiyoyozi kinafanya kazi.

Nilijiambia ni yale maneno ya Bi Salha yameniingia. Nikamwomba Kombo alizungushe yeye, nikamwambia aangalie tu kama linachemsha. Ilipita kama saa moja. Alirudi kwa miguu. Gari alikuwa ameliacha Ubungo, limepaki vizuri, limefungwa milango. Akaniwekea funguo kwenye kiganja.

"Mie gari hilo sigusi tena," akasema.

"Umesikia nini, Kombo?"

"Usiniulize, braza. Kalichukue mwenyewe."

Tangu siku hiyo hajaniambia, na mie sijamuuliza tena. Akitajiwa mtu aliyekufa kwao huko, anabadilisha mazungumzo.

Sasa nitakwambia jambo la aibu. Siku ya kwanza nililipima gari lile kama fundi. Siku ya pili sikuwa na cha kupima. Siku ya tatu pia. Kazi za watu zimejaa, mie naaga kwamba naenda kutafuta spea, kumbe naenda Kibamba na kurudi na gari la mjane, natia mafuta kwa pesa yangu. Bi Salha akipiga simu namwambia bado nalichunguza. Na kila siku mlio unazidi kuwa mzito. Fundi aliye ndani yangu alikuwa anajua maana yake. Nilimwaga oili ya difu nikaitazama kwenye beseni: ilikuwa inameta kwa chenga za chuma. Nikatia oili mpya, nikafunga. Sikumwambia mtu. Nikajisemea, siku moja tu, halafu nitamlazimisha abadilishe.

Siku ya saba ya mizunguko yangu hiyo akaja mwenyewe bila taarifa.

"Gari langu limepona?"

"Limepona, mama. Lakini twende nikuonyeshe kitu barabarani, usikie difu ilivyo. Nikishakuonyesha, uamue."

Nakuapia, Mama, nilikusudia kumkataza kuliendesha hivyo. Lakini pia nilitaka kusikia.

Ilikuwa baada ya alasiri. Nikashika usukani, yeye akakaa kiti chake. Tukapita Kimara. Nikafika sitini. Mlio ukaanza. Yeye akafumba macho, midomo ikaanza kumcheza, na mie nikanyoosha shingo kama mwanao wa miaka tisa. Tulikuwa watu wawili ndani ya gari moja, kila mmoja na wake, na hakuna aliyekuwa anatazama barabara kama inavyotakiwa.

Kukapigwa kitu chini, kwa! Matairi ya nyuma yakafunga. Mgongo wa gari ukaja mbele, nikaona barabara imekuwa ubavuni kwangu, nikaona lori la mchanga linawasha taa na kupiga honi, nikaona mwanamke mwenye beseni la samaki amesimama ukingoni ameweka mkono mdomoni. Sikufanya lolote la ufundi. Nilishika usukani tu. Gari lilijiburuta likasimama limeingiza pua kwenye mtaro, na lori likapita kwa upana wa kanga iliyokunjwa. Injini ikazimika.

Kulikuwa kimya, Mama. Hata watu waliokuwa wanakimbia kuja kwetu naona kama walikuwa wanakimbia bila miguu yao kutoa sauti. Gari limesimama. Matairi yamefunga. Hakuna kinachozunguka.

Na nyuma ya viti, shiii.

Kimya.

Fuu.

Najua chuma cha moto kikipoa hulia. Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba. Lakini chuma kinachopoa hulia mlio mkavu, tik, tik. Hakipigi randa ubao mzima mwanzo mpaka mwisho. Ikaja mara ya pili, shiii, fuu. Mara ya tatu. Bi Salha akanikamata mkono hapa juu ya kiwiko, kucha zikaingia.

"Huyo siyo Nasri," akasema.

Nikageuza shingo nikatazama viti vya nyuma.

"Siyo Nasri huyo. Fundi, nani huyo anayekwambia ushike?"

Mama, nilikuwa sijamwambia mtu. Si yeye, si Kombo, si mke wangu. Neno hilo halijatoka kinywani mwangu tangu nilipokuja mjini. Na mie mwenyewe sikulisikia. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri kabla ya adhana. Nilisikia randa tu. Neno alilisikia yeye.

Watu wakafungua milango wakatutoa. Yule mwenye beseni alimpa Bi Salha maji. Hatukuumia, ila yeye alivimba goti kidogo na mie nilijing'ata ulimi. Tulipokuwa tumekaa kwenye ukingo wa mtaro tukingoja gari la kuvuta, akaniuliza taratibu, bila kunitazama:

"Baba yako yuko wapi?"

"Amefariki."

"Lini?"

"Mwaka na miezi mitatu."

"Ulimzika?"

Nikatazama matairi. Naye akayatazama. Halafu akasema, "Weka difu nyingine. Mie nilikuwa nimekaa naye mpaka pumzi ya mwisho, nikamfumba macho kwa mkono wangu. Kinachonilia mie ni upweke. Chako wewe sikijui, lakini hakiwezi kukaa ndani ya gari langu."

Tulilivuta mpaka gereji. Nilipofungua difu, beringi ya mbele ilikuwa imesagika, vipande vyake vimekwama katikati ya meno. Ni ajabu kwamba ilitembea siku zote zile. Nilitafuta difu nzuri Ilala siku mbili, nikapata iliyokuwa haijachezewa. Bi Salha akalipa kifaa. Ufundi sikumtoza, naye hakubisha; nadhani alijua kwa nini. Ile ya zamani nilimuuliza kama anaitaka, maana wateja hudai spea zao. Akaiangalia ilivyolala juu ya gunia, akasema iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu leo leo. Nikaipeleka mwenyewe, nikasimama mpaka wakaipiga nyundo.

Alipokuja kulichukua gari tulitoka tena wote wawili, safari hii yeye ndiye dereva. Hamsini. Sitini. Sabini. Hakuna kitu. Unasikia upepo tu dirishani na mapikipiki ya watu. Tulifika Kimara tunangoja, tukapita pale mtaroni, tukageuza. Machozi yalimtoka akiwa anaendesha, hakuyafuta. Halafu akaanza kuniambia habari za mumewe: alivyokuwa hawezi kula wali bila ndimu, alivyomwozesha binti yao akalia kuliko bibi harusi. Alizungumza mpaka Manzese. Aliponishusha na kuondoka, kioo kiko chini, nilimsikia anaiimba ile kasida yeye mwenyewe, kwa mdomo wazi, anakosea kosea.

Hapa ndipo naomba unisikilize, Mama, na wewe Rukia usimame kidogo, kama una mtoto mgongoni umweke chini.

Siku aliyofariki Baba, mlinipigia alfajiri. Mkasema mazishi baada ya alasiri, mnanisubiri. Jioni nikakwambia nilifika Mbagala nikakuta mabasi yote yamejaa. Nimewaambia hivyo watu wote, na wote wamenipa pole. Ni uongo. Sikwenda Mbagala. Nilikuwa na gia boksi iko wazi mezani, mwenye gari anasafiri siku ile, ameahidi kuniongezea mara mbili nikimaliza mchana. Nikajisemea nitaondoka saa nne. Ikafika saa sita. Nikajisemea Baba hawezi kujua. Wakati mnamshusha kaburini mie nilikuwa nakaza nati. Halafu aibu ikanizuia kuja arobaini, na nikatuma pesa nyingi ili msiniulize. Pesa zile ndizo zile za gia boksi, Mama. Wali mliowalisha watu kwenye hitima ulitoka humo.

Kulikuwa na watu wanne wa kulibeba jeneza, na Rukia aliniambia baadaye kwamba nafasi ya mbele kushoto ilishikwa na jirani kwa sababu mwanawe hakuwepo. Nilijifanya sikusikia. Nimelisikia kila siku tangu hapo.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakuja. Alhamisi napanda basi la kwanza, hata likiwa limejaa nitasimama mpaka Kilwa. Sijui kama napaswa kupita makaburini kwanza au kuja kwako kwanza. Hilo uamue wewe, umwambie Rukia anitumie ujumbe wa neno moja. Kama hutaki nilale chini ya dari lile, sema tu, nitalala kwa baba mdogo, sitanuna.

Nisalimie baba mdogo, umwambie nimesikia amenunua mashine ya kukoboa na nampongeza. Shangazi mkubwa, yule wa karibu na kisima, mwambie kanga zake ninazo. Yule jirani aliyeshika mbele kushoto, Mama, usimsalimie kwa niaba yangu. Nitamwendea kwa miguu yangu, nimpe mkono. Watoto wa Rukia wote, na yule mdogo ambaye sijamwona uso, wapakate badala yangu.

Nitafika mchana. Nitabisha hodi kama mgeni. Ukinifungulia nitaingia. Usiponifungulia nitakaa barazani mpaka siku utakayofungua, na watu wakipita wakiniuliza nimekaa hapo kwa nini, nitawaambia kweli.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Idrisa